Mgeni wa Karagwe na hoteli zetu za katikati ya mji

Nina swali lililoninyima usingizi kwa muda wa wiki mbili, na sidhani kama ni langu peke yangu. Mtu aliyekufundisha kusoma na kuandika ukiwa mtoto wa mkimbizi, aliyekuwa akivunja penseli moja vipande viwili ili wewe na mwenzako wa dawati muandike, anakuja Kigali kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ana umri wa miaka 78. Ninyi wanafunzi wake wa zamani, watu kumi na wanne, mmechanga pesa ili alale siku nne katika hoteli nzuri, ya hadhi, iliyo katikati ya mji. Je, mtampeleka hoteli gani?

Najua wapo watakaoniambia kwamba mgeni wa namna hiyo halazwi hotelini, analazwa nyumbani. Hata mke wangu alianza na neno hilo hilo. Lakini sisi ni kumi na wanne, na kila mmoja alimtaka kwake. Angelala kwa mmoja, kumi na watatu wangenuna. Zaidi ya hapo, tulitaka kumpa kitu ambacho mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi wa Tanzania haukuwahi kumpa. Wazazi wetu walipovuka Mto Kagera na kuingia Karagwe mwanzoni mwa miaka ya 1960, hawakuwa na chochote. Wenyeji waliwaonyesha mahali pa kulima na pa kuchota maji. Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwafungulia mlango wa uraia wakimbizi zaidi ya 30,000 kutoka Rwanda. Mimi nilizaliwa mwaka 1979 huko Kimuli, ambako siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa, na darasa la kwanza hadi la saba nilisoma mikononi mwa mzee huyu. Katika maandishi haya nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita siku zote.

Basi kamati ikanichagua mimi kutafuta hoteli. Sababu waliyoitoa ni kwamba mimi ni mwalimu kama yeye na ninaishi Kigali. Sababu ya kweli ni kwamba wenzangu wana biashara zao na mimi nilikuwa likizo.

Kwanza nilifanya kosa ambalo watu wengi hulifanya: nilihesabu nyota. Hoteli hupangwa kwa nyota kufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nyota hizo si za uongo. Zinakuambia kama kuna lifti, kama jiko ni safi, kama chumba kina ukubwa unaotakiwa, kama kuna jenereta. Lakini nyota haikuambii mhudumu wa mapokezi atamtazama vipi mzee mwenye kofia ya zamani na kikapu cha ukindu mkononi. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Hoteli ya kwanza niliyoingia sitaitaja jina, kwa kuwa nia yangu si kumharibia mtu kazi. Ni nzuri na sakafu yake inang'aa. Nilifika kwa pikipiki, viatu vyangu vikiwa na vumbi. Binti wa mapokezi, umri wake kama wa wanafunzi wangu wa juzi, alinisalimu kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kinyarwanda, akaendelea na Kiingereza. Akaniuliza mgeni anatoka shirika gani. Nikamwambia hatoki shirika lolote, ni mzee wetu kutoka Tanzania. Akauliza anakuja kwenye mkutano gani. Nikamwambia haji kwenye mkutano, anakuja kutuona. Hapo niliona kama nimemharibia fomu yake.

Kisha akataja masharti: pasipoti, na kadi ya benki kwa ajili ya dhamana. Mwalimu hana kadi ya namna hiyo, na alikuwa anasafiri kwa hati ya dharura, ile karatasi ambayo Watanzania wengi wa mikoa ya mpakani huitumia kuvuka kwenda nchi jirani. Sisi Wanyarwanda tunaingia Uganda na Kenya kwa kitambulisho cha taifa tu, kwa hiyo tumesahau kuna majirani ambao mpangilio huo hauwahusu. Nikasema tutalipa pesa zote kabla, na mimi mwenyewe nitaacha kitambulisho changu. Akaenda ndani, akarudi, akasema haiwezekani. Sikumlaumu, kwani anafuata alichoagizwa. Ila kabla sijaondoka nilimuuliza kwa Kiswahili kama zamu ya usiku kuna mtu ambaye mzee akikwama chumbani anaweza kumpigia simu wakaelewana. Alicheka kwa furaha kabisa, akanijibu: "Hakuna matata!"

Maneno hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo ya Kiswahili. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara nikijiuliza: Bunge letu lilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Februari 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki tuliingia mwaka 2007. Na katika hoteli ambayo wageni wake wanapokewa na twiga wa mbao mlangoni, lugha ya jirani imebaki kuwa pambo kama yule twiga.

Baada ya hapo nilibadili njia. Niliacha kusoma nyota nikaanza kutembea kwa miguu, nikijifanya mzee wa miaka 78. Nawashauri wote wenye wageni wafanye hivyo. Kigali ni mji wa vilima, na ramani haionyeshi kilima. Hoteli mbili zinaweza kuwa mita 400 kutoka unapotaka kwenda, moja ukafika ukipiga mluzi na nyingine ukafika umeshika kifua. Tazama kama kati ya hoteli na barabara kubwa kuna ngazi au mteremko. Tazama kama kuna mahali pa kukaa njiani. Ingia uombe kuonyeshwa chumba chenyewe, usikubali picha. Bafuni angalia kama kuna beseni refu la kuogea ambalo mtu lazima ainue mguu hadi kiunoni kuingia, maana vijana wanaliona ni anasa na wazee wanavunjikia nyonga humo. Uliza kama Jumamosi kuna harusi, kwa sababu harusi zetu zina spika, na chumba kilicho juu ya ukumbi hakilaliki kabla ya saa sita ya usiku.

Halafu uliza bei, na uiulize mara mbili. Mimi nilitajiwa bei kati ya dola 120 na dola 260 kwa usiku mmoja, na karibu kote zilitajwa kwa dola kwanza. Uliza kama kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, imo ndani ya bei hiyo au itakuja kwenye bili. Uliza wanabadilisha dola kwa kiwango gani ukilipa faranga. Uliza pia kama kuna bei ya wakazi wa Afrika Mashariki. Sehemu mbili waliniambia ipo, lakini hakuna aliyeitaja kabla sijauliza. Kwa watu wanaochanga, tofauti hiyo ni usiku mzima.

Mwenzetu mmoja aliyefanikiwa alipendekeza Kimihurura, kwenye ile Radisson Blu iliyo pamoja na Kituo cha Mikutano cha Kigali, yenye kuba linalowaka taa za rangi usiku. Ni jengo la fahari, lilifunguliwa mwaka 2016, na wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana humo mwezi Julai wa mwaka huo. Lakini mtu akilala pale anautazama mji kutoka kilima kingine. Kila akitaka kutoka ni lazima aite gari. Mwalimu hakuja kutazama taa. Aliniambia kwenye simu: "Mwanangu, nataka nishuke mwenyewe asubuhi, ninunue gazeti, nione watu wanavyokwenda kazini." Kwa mtu wa namna hiyo hakuna mjadala, ni Nyarugenge.

Nyarugenge yenyewe, pale juu karibu na mzunguko wa katikati, hoteli za hadhi ziko jirani jirani. Upande wa Barabara ya KN 3 ipo Serena, na ipo Marriott iliyofunguliwa mwaka 2016, kubwa, yenye vyumba zaidi ya 250. Ukivuka kidogo, Barabara ya KN 6, ipo Hôtel des Mille Collines yenye vyumba 112, ambayo ilijengwa na Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, na kufunguliwa mwaka 1973. Shirika hilo lilikufa mwaka 2001, hoteli bado ipo. Kutoka hizi zote hadi Imbuga City Walk, ile barabara iliyofungwa kwa magari tangu mwaka 2015 na kutengenezwa upya mwaka 2022, ni mwendo mfupi, na pale kuna viti vya kukaa bila kulazimishwa kununua kitu. Kwangu mimi viti hivyo vilikuwa na uzito kuliko bwawa la kuogelea.

Sasa nifike mahali penye ugumu. Katika mji wetu huwezi kuchagua hoteli ya katikati kwa kuangalia vitanda peke yake. Hapo ilipo Serena leo ndipo palipokuwa na Hôtel des Diplomates, ambako Aprili 1994 watu wa ile serikali ya mauaji walikaa kabla ya kukimbilia Gitarama. Na mwendo wa dakika chache kutoka hapo, Mille Collines, watu zaidi ya 1,200 walijificha katika vyumba na veranda wakati mji wote ukichinjwa. Maji yalikatwa, umeme ukakatwa. Wakanywa maji ya bwawa la kuogelea. Laini moja ya simu iliyokuwa imebaki ndiyo waliyoitumia kulia kwa dunia. Walitolewa kwa awamu na askari wa Umoja wa Mataifa, na safari ya kwanza, mwanzoni mwa Mei, malori yalishambuliwa njiani yakarudi na majeruhi. Wageni wengi wanaijua habari hiyo kutokana na filamu ya mwaka 2004, ambayo sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Wengine huja na kuomba kupiga picha kando ya maji.

Kaka wa mke wangu alikuwa mmoja wa walionywa maji yale. Alikuwa na miaka 19. Mke wangu hajawahi kuingia hoteli ile. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, mwaliko wa harusi ukija wa Mille Collines, tunatuma zawadi na samahani. Kwa hiyo mimi kwenye orodha yangu niliifuta kabla sijaanza, na nilikuwa nimekwisha kuelewana na hoteli nyingine ya jirani.

Mwalimu ndiye aliyeharibu mpango. Siku tano kabla ya safari aliniuliza kwenye simu: "Ile hoteli ya Milkolini bado ipo?" Nilishangaa ameijulia wapi. Akanikumbusha mwaka 1994, mimi nikiwa kidato cha kwanza, jinsi wazazi wetu walivyokuwa wakikusanyika jioni nje ya ofisi ya walimu kwa sababu redio ya shule ilikuwa na betri nzima. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikianza, hakuna aliyekohoa. Yeye ndiye aliyekuwa akishika ile redio juu, na jina la hoteli lilikuwa moja ya majina machache ya Kigali aliyoyashika. "Nilikuwa naomba kila siku isitajwe kwa ubaya," alisema. "Kama ipo, ningependa kulala humo. Lakini kama ni ghali, basi."

Ningefanya nini? Nilikaa na maneno hayo siku mbili bila kumwambia mtu. Ya tatu nilimweleza mke wangu, nikiwa nimejiandaa kupokea hapana na kumtafutia Mwalimu sababu ya uongo, kwamba vyumba vimejaa. Alikuwa anachambua maharage. Alinyamaza hadi sinia likaisha. Kisha akasema: "Mzee huyo aliwatunza ninyi mkiwa hamna kwenu. Mlaze hapo." Baadaye kidogo akaongeza: "Mimi nitakuja kumsalimia. Lakini tutakaa upande usio wa bwawa."

Nilikwenda Mille Collines kesho yake. Nilieleza yote wazi: hati ya dharura, hakuna kadi, wachangaji ni wengi, tunataka kulipa kwa faranga kupitia simu, mgeni haongei Kifaransa na Kiingereza chake ni cha darasani. Walipokea. Bwana mmoja wa mapokezi, alipoona nimeandika Karagwe, akanijibu kwa Kiswahili cha Kagera kabisa, kile cha "sasa wewe umezaliwa wapi?" Kumbe naye wazazi wake walikuwa Ngara. Tukamaliza shughuli tukiwa tunacheka. Akanipa chumba kilicho karibu na lifti, chenye bomba la mvua la kuingia moja kwa moja, bila mimi kutaja nyonga ya mtu.

Mwalimu alifika Ijumaa jioni kwa basi kupitia Rusumo. Kutoka mpakani hadi Kigali ni kama kilomita 160, na hakulala hata kidogo, alikuwa anahesabu madaraja. Mkononi alikuwa na kikapu cha senene waliokaangwa na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Nilikuwa na hofu moja tu: wahudumu watakionaje kikapu kile. Mhudumu wa mlangoni alikipokea kwa mikono miwili. Yule bwana wa mapokezi akatoka nyuma ya meza yake akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Pole na safari." Mzee akajibu marahaba, akageuka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha yule bwana adabu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimesahau umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka yamefungwa na magari hayatembei, kwa hiyo gazeti lake alilikosa. Lakini alishuka, akatembea katika barabara tupu, akakaa Imbuga peke yake saa nzima akiutazama mji uliokaa kimya. Aliporudi alisema hajawahi kuona mji mkuu uliolala hivyo mchana. Mchana huo tulimpeleka Biryogo, kilomita chache kutoka hotelini, kwenye mitaa ya Waswahili wa zamani na msikiti uliojengwa mwaka 1913. Pale kila mlango alisalimiwa, akajadiliana na mzee mmoja muuza kapati juu ya ngeli ya neno ambalo sitalitaja hapa kwa sababu hadi leo hawajakubaliana. Nilijiuliza tena: lugha hii iko umbali wa safari ya pikipiki ya dakika tano, na hoteli zinashindwaje kuichukua?

Nimewahi kumuuliza mtu mmoja anayesimamia hoteli mjini, naye alinijibu vizuri tu. Alisema wageni wake wengi ni wa mikutano, wanalipiwa na ofisi zao, Kiingereza kinawatosha. Mtanzania, Mkongo na Mrundi, alisema, hawalali kwake. Mimi namwambia kupitia ukurasa huu kwamba amegeuza sababu kuwa matokeo. Sehemu kubwa ya shehena ya nchi hii inapita bandari ya Dar es Salaam. Wafanyabiashara wa Kariakoo, wa Goma na wa Bukavu wako Kigali kila wiki, na wengine wana pesa za kununua hoteli nzima. Wanalala kwenye nyumba za wageni Nyamirambo na Nyabugogo kwa kuwa huko mtu anaulizwa "umeamkaje" na si "shirika gani". Ukimtazama mtu kama aliyepotea njia, atakwenda kutafuta njia yake.

Na dawa yake haihitaji kujenga ghorofa. Katika mji huu wamejaa vijana waliozaliwa au kusomea Tanzania, Kongo na Kenya, wenye Kiswahili safi, wanaotafuta kazi. Mmoja katika kila zamu anatosha. Wafundishwe wengine angalau kujua kwamba kwa mzee hausemi "jambo" wala "hakuna matata". Mkuu wa mapokezi apewe ruhusa ya kupokea hati ya dharura ambayo afisa wetu wa uhamiaji pale Rusumo amekwisha kuigonga muhuri, maana kama Serikali imemruhusu mtu kuingia nchini, hoteli ni nani imkatalie kitanda? Dhamana ya kadi iwe na mbadala wa pesa taslimu au ya simu. Bei itajwe kwa faranga kwanza, na bei ya majirani ibandikwe ukutani badala ya kusubiri mjuzi aulize.

Kwa sisi tunaochagua, naomba pia tuache kuona aibu. Tuliokulia ukimbizini tuna ugonjwa mmoja: tukiingia mahali pakubwa tunaongea polepole na kukubali la kwanza tunaloambiwa, kama vile bado tuko kwenye foleni ya mahindi. Mimi mwenyewe siku ile ya hoteli ya kwanza niliomba samahani wakati nikitoka. Samahani ya nini? Mteja mwenye pesa ya siku nne mkononi ana haki ya kuonyeshwa bafu.

Jumapili mke wangu alikuja, kama alivyoahidi. Alivaa mshanana. Tulikaa ndani, karibu na mlango, yeye akiwa amelipa bwawa mgongo. Mwalimu hakuuliza kitu. Alifungua kikapu chake, akamwomba mhudumu sahani, akamwekea senene, akamweleza jinsi ya kuondoa mabawa kama vile mke wangu ni mtoto wa darasa la pili. Mke wangu, ambaye katika maisha yake hajawahi kutia mdudu mdomoni, alikula watatu. Wakaongea juu ya mvua na juu ya wajukuu. Tulipotaka kuondoka, mke wangu alisimama, akageuka, akatazama nje kule kwenye maji kwa muda kidogo. Kulikuwa na watoto wanaogelea. Kisha akasema twende, viazi vya jioni havijamenywa.

Mwalimu aliondoka Jumanne asubuhi. Bili ilikuja kama tulivyoelewana, kodi ikiwa ndani, bila nyongeza isipokuwa chupa mbili za maji na simu moja aliyopiga Karagwe kuwaambia wanawe amelala wapi. Mezani chumbani aliacha karatasi aliyoiandika kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, salamu kumi za Kiswahili na majibu yake, kwa ajili ya wafanyakazi wasiojua. Yule bwana wa mapokezi ameniambia kuwa imebandikwa kwenye chumba chao cha kulia chakula.

Hesabu ya michango nimekwisha kuifunga na nakala nimewatumia wote. Kati ya watu kumi na wanne, kumi na watatu wamelipa. Aliyebaki anadaiwa faranga 40,000, anajijua, na gazeti hili hulisoma kila siku.